Kuelewa Aina za Oda Katika Biashara ya Sarafu za Kidijitali: Mwongozo Kamili

Watu wengi wa Kenya na Tanzania hununua sarafu yao ya kwanza ya kidijitali kwa mtu mwingine kupitia tangazo. Muuzaji ameandika bei yake, mnunuzi anatuma fedha kwa M-Pesa au benki, na sarafu iliyokuwa imeshikiliwa na mtandao inaachiliwa. Bei ni moja, imeandikwa, na kila upande unajua utapata nini. Siku mtu huyo anapofungua ukurasa wenyewe wa biashara, anakuta nambari nyekundu na za kijani zikibadilika bila kupumzika, na kisanduku kinachomtaka achague aina ya oda. Wengi huacha chaguo lililokuwapo tangu mwanzo, hubonyeza kitufe, kisha hushangaa kwa nini walicholipa hakilingani na bei waliyoiona. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao, kwa sababu hasara ya namna hiyo huweza kuepukwa kwa kusoma mambo machache kwa makini kabla ya kununua.

Oda ni agizo. Ukimtuma kijana Kariakoo akununulie gunia la mchele, unaweza kumwambia asirudi mikono mitupu, au unaweza kumwambia asizidishe bei fulani. Ukimwambia asirudi mikono mitupu, lazima ukubali bei atakayoikuta. Ukimwekea mpaka wa bei, lazima ukubali kwamba huenda akarudi bila mchele. Aina zote za oda utakazokutana nazo, hata zile zenye majina marefu, ni njia tofauti za kuchagua kati ya uhakika wa bei na uhakika wa kupata kitu chenyewe.

Hatua ya kwanza: kusoma daftari la oda

Soko la sarafu halina mtu mmoja anayepanga bei. Lina daftari lenye pande mbili. Upande mmoja, ambao kwa kawaida huonyeshwa kwa rangi ya kijani, ni wanunuzi pamoja na bei walizo tayari kulipa na kiasi wanachotaka. Upande wa pili, mwekundu, ni wauzaji na bei wanazodai. Mnunuzi aliyetaja bei ya juu kuliko wenzake hukaa mbele ya foleni ya wanunuzi, na muuzaji anayedai bei ya chini kabisa hukaa mbele ya foleni ya wauzaji. Waliotaja bei moja kwa kawaida hupangwa kwa kuangalia nani alitangulia. Nafasi iliyo kati ya hao wawili wa mbele huitwa pengo la bei, na wingi wa oda zilizo karibu na pengo hilo ndio ukwasi wa soko.

Ile nambari kubwa inayoonyeshwa juu ya ukurasa si bei ambayo mtu fulani anakupa sasa. Ni bei ya biashara ya mwisho, ambayo imekwisha kufanyika baina ya watu wengine. Kosa la kudhani kwamba nambari hiyo ni bei ya dukani ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya wanaoanza.

Tuchukue mfano ambao tutaurudia mara kadhaa. Kuna sarafu ndogo inayouzwa kwa USDT, yaani sarafu iliyofungamanishwa na thamani ya dola ya Marekani. Wauzaji wamejipanga hivi: vipande 200 kwa bei ya 1.00, vipande 300 kwa 1.01, vipande 500 kwa 1.04, na vipande 1,000 kwa 1.10. Upande wa wanunuzi kuna vipande 400 kwa bei ya 0.99 na vipande 600 kwa 0.97. Bei ya mwisho iliyoonyeshwa ni 1.00.

Hatua ya pili: oda ya soko, na gharama yake isiyoonekana

Oda ya soko, ambayo kwenye programu nyingi kitufe chake kimeandikwa Market, huliambia soko: ninunulie sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo. Ukiagiza vipande 1,000 katika mfano wetu, utapewa 200 za kwanza kwa 1.00, kisha 300 kwa 1.01, kisha 500 kwa 1.04. Jumla utalipa dola 1,023 badala ya 1,000 ulizozitarajia, yaani wastani wa 1.023 kwa kila kipande. Tofauti hiyo ya asilimia 2.3 ndiyo mtelezo wa bei. Hakuna aliyekuibia, uliagiza kiasi kikubwa kuliko kile kilichokuwa mbele ya foleni.

Sasa fikiria kwamba umebadili nia papo hapo na kuuza vyote kwa oda nyingine ya soko. Utapata 400 mara 0.99, kisha 600 mara 0.97, jumla dola 978. Umepoteza dola 45 katika dakika moja, karibu asilimia 4.4 ya fedha zako, kabla ya ada, na pengine hakuna jambo lolote lililotokea kwenye sarafu hiyo wala habari yoyote iliyotoka.

Je, oda ya soko ni mbaya? La. Kwa Bitcoin dhidi ya dola kwenye soko kubwa, ambako pengo la bei ni dogo sana na oda ni nyingi, mtu anayenunua kwa dola 50 hatahisi tofauti. Inafaa pia pale ambapo kutoka haraka kuna thamani kuliko senti chache. Inakuwa hatari pale inapokutana na sarafu isiyo na wanunuzi wengi, au saa za usiku na mwishoni mwa wiki ambapo daftari huwa jepesi, au dakika zile habari kubwa inapotangazwa na wenye oda wanapoziondoa.

Kitufe cha Convert kinachopatikana kwenye programu nyingi ni kitu kingine. Hapo hukutani na daftari. Unapewa bei iliyokwisha pangwa, ambayo mara nyingi ndani yake mna faida ya anayekuuzia. Hata pale inapoandikwa kwamba hakuna ada, linganisha bei hiyo na iliyo kwenye daftari kabla ya kukubali.

Hatua ya tatu: oda ya kikomo

Hii ndiyo oda ambayo ningependa kila anayeanza aizoee kabla ya nyingine zote. Kitufe chake huandikwa Limit. Unataja bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa unaponunua, au bei ya chini kabisa uliyo tayari kupokea unapouza, na soko haliruhusiwi kuvuka mpaka huo hata kwa senti moja.

Rudi kwenye mfano. Ukiweka oda ya kikomo ya kununua vipande 1,000 kwa 1.01, utapewa mara moja 200 za bei ya 1.00 na 300 za bei ya 1.01, kwa jumla ya dola 503. Vipande 500 vilivyobaki havinunuliwi. Oda yako inahamia upande wa kijani na kusubiri pale kwa bei ya 1.01, na sasa wewe ndiye mnunuzi wa mbele kabisa. Muuzaji akikubali bei hiyo baada ya dakika tano au baada ya siku mbili, utapata kilichobaki. Bei ikipanda na isirudi tena, hutapata. Hiyo ndiyo hatari ya oda hii, nayo huwauma sana watu wanaong'ang'ania kuokoa senti moja huku sarafu waliyoitaka ikiwaacha.

Kuna mambo mawili yanayochanganya watu hapa. La kwanza: ukiweka kikomo cha kununua kilicho juu ya bei ya soko, hutalipa kikomo hicho chote. Anayeandika 1.05 katika mfano wetu atalipa 1.00, kisha 1.01, kisha 1.04, kama wauzaji walivyojipanga, na hatafika 1.05. Kikomo ni mpaka tu. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye haraka lakini asiyetaka kushangazwa anaweza kuweka kikomo kilicho juu kidogo ya bei ya muuzaji wa mbele; atapata kasi inayokaribia ile ya oda ya soko, na mtelezo wake utakuwa na ukingo.

La pili ni kosa ambalo limewagharimu wengi. Mtu anamiliki sarafu iliyo kwenye bei ya 1.00 na anataka iuzwe ikishuka hadi 0.90, ili asipoteze zaidi. Anaweka oda ya kikomo ya kuuza kwa 0.90 na kudhani amejikinga. Kumbe amesema: niko tayari kupokea 0.90 au zaidi. Soko lina wanunuzi wa 0.99 na 0.97, kwa hiyo sarafu zake zinauzwa papo hapo. Kinga aliyoitaka hupatikana kwa aina nyingine ya oda, ambayo tutaifikia.

Ukiweka oda ya kikomo, programu nyingi hukuuliza pia oda hiyo idumu kwa muda gani. Alama ya GTC maana yake ni kwamba itakaa mpaka itekelezwe au uifute mwenyewe. IOC huchukua kinachopatikana papo hapo na kufuta kilichobaki; katika mfano wetu ungepata vipande 500 na mambo yakaisha. FOK hudai kiasi chote kwa mara moja, la sivyo oda nzima inafutwa. Kwa mtu wa kawaida GTC hutosha, mradi akumbuke kwamba soko la sarafu halina kengele ya kufunga kama Soko la Hisa la Dar es Salaam au lile la Nairobi. Linafanya kazi saa 24, siku 7 za wiki, na oda uliyoisahau mwezi uliopita inaweza kutekelezwa ukiwa usingizini.

Ada nazo zinahusiana na uchaguzi huu. Masoko mengi hutoza kiwango cha chini kwa oda inayokaa kwenye daftari na kusubiri, na kiwango cha juu kwa oda inayochukua iliyokuwapo. Anayetaka kuhakikisha anatozwa kile cha chini huweka alama ya Post Only, ambayo huikataa oda ikiwa ingetekelezwa papo hapo. Tofauti huonekana ndogo, lakini anayenunua na kuuza mara nyingi kwa wiki ataiona mwishoni mwa mwezi. Kwa wasomaji wa Kenya, kumbukeni pia kwamba tangu Julai 2025 ada zinazotozwa na watoa huduma za mali za kidijitali zimewekewa ushuru wa asilimia 10, kwa hiyo kila ada inayoepukika inapunguza na ushuru wake.

Hatua ya nne: oda ya kuzuia hasara

Oda hii ni kama mtego uliotegwa. Unataja bei ya kufyatulia, na mpaka bei ya soko iifikie, oda haimo hata kwenye daftari, inalala. Ukiwa umenunua kwa 1.00 na kutega kwa 0.90, sarafu ikiuzwa mahali popote kwenye soko hilo kwa 0.90, mtego unafyatuka na oda ya kuuza inatumwa. Jambo la kuuliza ni hili: inatumwa oda ya aina gani?

Katika namna ya kwanza, kinachotumwa ni oda ya soko. Una uhakika mkubwa wa kuuza, lakini huna uhakika wowote kuhusu bei. Kutega kwa 0.90 hakumaanishi kuuza kwa 0.90. Watu huichukulia oda hii kama bima, na hilo ndilo neno ambalo ningependa liondoke vichwani mwetu, kwa sababu tukio la GDAX linaonyesha wazi mipaka yake.

Tarehe 21 Juni 2017, kwenye soko la GDAX lililokuwa likiendeshwa na kampuni ya Coinbase ya Marekani, iliwekwa oda ya soko ya kuuza Ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, yenye thamani ya mamilioni ya dola. Wanunuzi waliokuwa karibu na bei ya wakati huo hawakutosha, na oda hiyo ikala safu baada ya safu za daftari kutoka dola 317.81 hadi dola 224.48, mtelezo wa asilimia 29.4. Kushuka huko kulifyatua takriban oda 800 za kuzuia hasara pamoja na mauzo ya lazima ya wale waliokuwa wakifanya biashara kwa mkopo. Kila oda iliyofyatuka ikawa oda ya soko mpya, ikala wanunuzi wachache waliobaki, ikashusha bei na kufyatua nyingine iliyokuwa chini yake. Kwa muda mfupi Ether moja iliuzwa kwa dola 0.10, kisha bei ikarudi juu. Waliokuwa wametega ili wasipoteze zaidi ya kiasi fulani waliuziwa kwa bei ambazo hawakuwahi kuziwaza. Nao waliokuwa wameacha oda za kikomo za kununua kwa bei za chini mno walizipata, kwa kuwa biashara hizo hazikufutwa. Coinbase baadaye iliwafidia wateja walioathirika kwa fedha zake yenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa kampuni, na hakuna mfanyabiashara anayeweza kuuweka katika hesabu zake.

Namna ya pili ya mtego, inayoandikwa Stop Limit, huhitaji bei mbili: ya kufyatulia na ya kikomo. Ukitega kwa 0.90 na kuweka kikomo cha 0.88, mtego ukifyatuka hutumwa oda ya kikomo ambayo haiwezi kuuza chini ya 0.88. Siku ile ya GDAX, oda ya namna hii isingeuza kwa senti 10. Lakini fikiria siku ambayo bei inaruka kutoka 0.91 hadi 0.85 bila kusimama, kisha inaendelea kushuka kwa wiki nzima: oda yako itabaki kwenye daftari ikisubiri 0.88 isiyokuja, nawe bado unashikilia sarafu. Kwa hiyo usiweke bei hizo mbili sawasawa. Acha nafasi kati yake, na nafasi hiyo iwe pana zaidi kwa sarafu inayoyumba sana. Maoni yangu ni kwamba mwenye sarafu kubwa zenye ukwasi anaweza kutumia namna ya kwanza kwa kiasi kidogo bila hofu kubwa, ilhali mwenye sarafu ndogo hana budi kutumia ya pili na kukubali kwamba huenda akalazimika kurudi kuuza kwa mkono wake.

Angalia pia mtego wako unafyatuliwa na bei ipi. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye soko la Binance.US, Bitcoin ilishuka kwa muda mfupi kutoka karibu dola 65,000 hadi karibu dola 8,200 kwa sababu ya hitilafu katika programu ya mteja mmoja mkubwa. Masoko mengine hayakufika huko kabisa. Oda inayofuata bei ya mwisho ya soko moja hufyatuliwa na ajali ya soko hilo hilo. Kwenye biashara za mkopo, masoko mengi hukuruhusu kuchagua bei ya marejeo inayokokotolewa kutoka masoko kadhaa, na chaguo hilo lina usalama zaidi. Huko kwenye mkopo, weka pia alama ya Reduce Only kwenye oda yako ya kujikinga, ili isije ikafungua biashara mpya ya kinyume baada ya ile ya kwanza kuwa imekwisha fungwa.

Hatua ya tano: kuunganisha oda mbili

Anayemiliki sarafu mara nyingi anataka mambo mawili: iuzwe ikipanda hadi 1.20, na iuzwe ikishuka hadi 0.90. Akijaribu kuweka oda mbili tofauti, ataona ya pili inakataliwa, kwa sababu sarafu zake zimekwisha zuiliwa na ya kwanza. Suluhisho ni OCO, ambayo hushikilia oda zote mbili kwa sarafu zile zile na kufuta moja pale nyingine inapotekelezwa.

Ipo pia oda ya kuzuia hasara inayofuata bei. Ukiiweka kwa asilimia 5 na sarafu ikapanda kutoka 1.00 hadi 1.20, mtego wako utapanda nayo hadi 1.14, na hautashuka tena. Inafaa pale bei inapopanda bila kuyumba sana. Kwa sarafu inayopanda na kushuka kwa asilimia 6 kila siku, itakutoa mapema kila mara.

Kwa masoko yasiyo na daftari, kama Uniswap, bei hutokana na uwiano wa sarafu mbili zilizomo kwenye dimbwi moja, yaani akiba ya pamoja ambayo watu hubadilishana nayo, na kadiri unavyochukua zaidi ndivyo unavyoisukuma bei dhidi yako. Huko kikomo chako ni ile asilimia ya mtelezo unayokubali. Anayeiachia iwe kubwa ili muamala upite haraka amemkaribisha mtu mwingine atangulie mbele yake na kumuuzia kwa bei ya juu.

Hatua ya sita: kabla na baada ya kuthibitisha

Anza na kiasi kidogo kabisa ambacho soko linakuruhusu, na ufanye oda ya kikomo moja ya kununua na moja ya kuuza mpaka uone kila hatua kwa macho yako. Kabla ya kubonyeza, hakikisha jozi ni ile uliyoikusudia, kwa kuwa sarafu ile ile inaweza kuuzwa kwa USDT, kwa Bitcoin na kwa sarafu nyingine, kila moja ikiwa na daftari lake. Angalia kisanduku cha kiasi kinahesabu vipande au kinahesabu dola. Anayetaka kununua kwa dola 100 na kuandika 100 kwenye kisanduku cha vipande anaweza kuagiza kitu kingine kabisa. Soma nukta ya desimali mara mbili, hasa kwenye sarafu zenye sufuri nyingi baada yake. Kisha linganisha jumla iliyoandikwa chini na hesabu uliyoifanya mwenyewe kwa kikokotoo.

Baada ya kuthibitisha, fungua orodha ya oda zilizo wazi uone kama yako imetekelezwa yote, nusu, au bado inasubiri. Kwenye historia ya biashara, tazama bei ya wastani uliyoipata pamoja na ada, uiandike kando ya bei uliyoikusudia. Ukifanya hivyo kwa oda 10 au 20, utakuwa na kumbukumbu yako mwenyewe ya mtelezo kwenye kila sarafu unayoifanyia biashara. Kila Jumapili, au siku yoyote utakayoichagua, pitia oda zilizo wazi na ufute kila moja ambayo hungeiweka tena leo kwa bei hiyo hiyo.